Kondoo wa Ng'ambo ya Ziwa la Barafu

Hallbera alifunga vyuma vya kukanyagia barafu chini ya viatu vyake, akavuta kofia ya sufu mpaka masikioni, akasimama kungoja. Mdogo wake Oddur alikuwa bado ameketi kwenye gari, mlango wazi, akinywa kahawa kama mtu asiye na safari.

"Dada, hebu tuambizane ukweli," alisema Oddur. "Tangu Septemba! Kondoo gani huyo wa kuishi nje kipindi chote hiki?"

"Flekka."

"Flekka wako wameshamla kunguru."

"Basi twende tukaone mifupa. Shuka, au baridi imekushika magoti?"

Oddur alicheka, akamwaga machicha ya kahawa kwenye theluji, akashuka.

Vuli iliyopita, wakati wakulima wa huko Iceland wanapowateremsha kondoo kutoka milimani, ukungu uliwafunika njiani na kondoo watatu wakapotea. Wawili walikuwa wa kawaida tu. Wa tatu alikuwa Flekka, jike mwenye mabaka meusi, wa ile mbegu ya kondoo viongozi wanaotangulia kundi na kuinusa dhoruba kabla binadamu hajaiona. Walitafutwa wee, mpaka theluji nzito ikaziba njia zote za juu, na watu wakakata tamaa. Hallbera hakukata. Alikuwa amemnyonyesha Flekka kwa chupa jikoni kwake, akamwona akijifunza kufungua mlango kwa pua. Mnyama wa namna hiyo, alisema, hafi kijinga. Sasa pepo za kusini zilikuwa zimevuma wiki nzima na kuyeyusha theluji miteremkoni, na kwa mara ya kwanza tangu vuli milima ilikuwa imevuliwa blanketi. Mtu akisimama kwenye tuta lililo juu ya ziwa la barafu ataona kila kitu.

Njia ya kufika huko ni fupi. Wakati wa kiangazi wageni huipanda kwa kandambili. Lakini usiku uliopita baridi ilikuwa imerudi ghafla, na maji yote ya theluji yakawa kioo. Hallbera alitangulia, akipiga kisigino kwa nguvu katika kila hatua, huku Oddur akimfuata na kulalamika juu ya goti, juu ya upepo, juu ya ukaidi wa watu wa familia yao.

"Mama naye alikuwa hivihivi," alisema.

"Na ukaidi huo ndio uliokulisha ukanenepa," alijibu Hallbera bila kugeuka.

Walifika juu ya tuta la mawe ambalo barafu kuu ya mlimani ililisukuma zamani kisha ikarudi nyuma. Chini yao ziwa lilikuwa limeganda, jeupe, na ndani yake vipande vya barafu vikubwa kama nyumba vimekwama, vingine vya buluu, vingine vyeusi kwa majivu ya volkano. Hallbera hakuvitazama. Alitoa darubini na kuukagua mteremko wa ng'ambo, chini ya jabali, mahali jua linapopiga na majani makavu hayakosekani.

"Pale," alisema.

Oddur akaichukua darubini. "Jiwe hilo."

"Subiri."

"Dada, ni jiwe, na pembeni yake kuna mawe madogo maw... Eh!" Aliishusha darubini, akaipandisha tena. "Limegeuza shingo!"

Sauti ya Hallbera ilibaki ileile. "Wote watatu?"

"Wote watatu! Wamekonda kama fito, lakini wamesimama!"

Kabla Hallbera hajamjibu, Oddur alikuwa ameanza kushuka kuelekea ziwani. Kuvuka moja kwa moja ni karibu, alisema, atawaswaga kuja huku wakati bado kuna mwanga, maana redio ilitangaza dhoruba ya jioni.

"Oddur! Rudi hapa!"

"Imeganda vizuri, angalia!"

"Imeganda jana usiku tu. Wiki nzima ilikuwa inayeyuka. Ukikanyaga hapo, sikufuati, na nyumbani nitasema ulijitakia mwenyewe. Rudi!"

Oddur alikuwa na nywele za mvi, lakini sauti ile aliijua tangu utotoni. Akarudi.

Hallbera akaweka mikono mdomoni na kuita vile anavyoita zizini, kwa sauti nyembamba ya kupanda: "Kibba, kibba, kibba!"

Jabali likamrudishia mwito. Ng'ambo, Flekka aliinua kichwa. Hallbera akaita tena, na kondoo yule akaanza kuteremka, wenzake nyuma yake, mpaka ukingoni mwa ziwa. Hapo akasimama. Akainamisha pua kwenye barafu, akainusa, akapiga kwato mara moja.

"Njoo, njoo mama!" alinong'ona Oddur.

Flekka akaipa barafu mgongo. Akaanza kupanda kwenye kifusi, akifuata ukingo kwa njia ndefu ya kuzunguka.

"Anakimbia! Muite, dada, anakwenda zake!"

"Mwache. Anajua anachofanya."

Hawakuwa wamengoja sana kabla ya kusikia mlio kama wa kuvunjika kwa boriti. Katikati ya ziwa kipande kimoja kikubwa kiliinama taratibu, kikapinduka, tumbo lake la buluu likatokea juu, na barafu ya ziwa ikapasuka kuanzia pale mpaka ukingoni. Maji meusi yakapanda juu ya kila kitu. Mahali Oddur alipotaka kupita palikuwa panachezacheza.

Oddur aliketi juu ya jiwe. Akatoa samaki mkavu mfukoni, akamkatia dada yake kipande kikubwa kuliko chake.

"Asante," alisema Oddur.

"Kula," alisema Hallbera.

Kondoo walitokea kwenye bega la tuta jua likiwa limegusa mlima. Flekka alikuja moja kwa moja kwa Hallbera, sufu yake imejaa vidonge vya barafu, akausukuma mfuko wa koti kwa pua. Hallbera alipiga magoti, akampa mkate, akauegemeza uso wake kwenye shingo ile yenye mifupa. Alilia kidogo, bila aibu, na Oddur akajifanya anatazama mawingu.

Kisha wakashuka. Flekka aliwapita wote wawili, akashika njia mbele, akichagua mahali pa kukanyaga, nao wakaweka miguu yao palepale alipoweka kwato zake.