Basi la Urushidani

Safari ya Urushidani ilipangwa kwa umakini ambao bweni letu halikuwahi kuushuhudia. Wasafiri tulikuwa wawili: mimi, Ryohei, na Mitsuki ninayelala naye chumba kimoja. Siku tatu milimani, yeni elfu tisa kila mtu, treni za polepole tu, zile zinazosimama hata kwenye stesheni ambayo abiria wake pekee ni nyani. Kusudi lilikuwa moja: kumwona Isao.

Isao alikuwa mwenzetu wa tatu chumbani. Mwezi wa pili alikuwa akilia kwa kukumbuka kwao, na mimi, kwa hekima niliyojaliwa, nikachukua kipaza sauti cha bweni wakati wa chai ya asubuhi nikasoma utabiri wa hali ya hewa. Mvua kubwa chumba namba saba, wananchi watembee na miavuli. Watu mia moja na ishirini walicheka. Wiki ile ile Isao alikwenda kwao Urushidani, hakurudi. Barua zangu mbili hazikujibiwa. Muhula mpya ulikuwa uanze mwezi wa nne, na asipofika siku ya kwanza, jina lake lingefutwa. Niliona dawa ni kumtokea mlangoni bila taarifa, nimwombe radhi kabla hajapata pa kujificha.

Lakini shuleni kwetu hakuna anayesafiri bila kijitabu cha safari. Unachora jalada, unaandika saa za treni, nguo za kubeba na vitafunwa, ambavyo havitakiwi kuzidi yeni mia tatu. Kisha unakipeleka kwa Mwalimu Kuronuma, mlezi wa bweni, ambaye ana muhuri mwekundu na hana haraka.

“Ndizi tuziandike wapi?” Mitsuki aliuliza. “Vitafunwa au chakula?”

“Chakula. Tukiziita vitafunwa zitamaliza zile mia tatu zote.”

“Kuronuma hatakubali.”

“Enzi zake ndizi walikuwa wanapelekewa wagonjwa. Ziandike kwenye dawa.”

Tukaziandika kwenye dawa.

Jumamosi mchana Mwalimu Kuronuma alikisoma kijitabu chetu ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ndizi alivuta pumzi ndefu, akapita. Kwenye basi akasimama.

“Ryohei, hii alama ndogo pembeni ya basi la saa tisa na arobaini ni ya nini?”

“Nadhani nzi alipita, Mwalimu.”

“Nzi huyo ameacha maelezo chini ya ukurasa. Soma.”

Nikasoma: “Hutembea siku za masomo tu.”

“Na ninyi mnasafiri lini?”

“Likizo, Mwalimu.”

Mitsuki alijiziba uso kwa mikono. Kutoka stesheni ya mwisho hadi Urushidani basi ni hilo moja, na kazi yake ni kuwarudisha watoto wa shule kwao. Watoto wakifunga, nalo linafunga. Nikiwa mwanafunzi wa miaka tisa mfululizo, nilikuwa nimepanga safari ya likizo kwa basi la wanafunzi.

“Teksi?” Mitsuki alinong’ona.

“Labda tuuze viatu vyako.”

“Basi tutembee. Kilomita kumi na nne si kitu.”

“Kwenye theluji?” alisema Mwalimu. “Na dubu ndiyo kwanza wanaamka usingizi wa majira ya baridi. Hawatamvumilia Ryohei kama tunavyomvumilia sisi.” Akanirudishia kijitabu bila muhuri. “Mna muda hadi chakula cha jioni. Urushidani kuna watu wenye magari, na mtoto wa mmoja wao mnamjua. Simu ile pale ukutani.”

“Lakini Mwalimu, tulitaka kumshtukiza.”

“Ulishamshtukiza mara moja. Inatosha.”

Nilisimama mbele ya simu ile mpaka Mitsuki akaniuliza kama nangoja ipige yenyewe. Nikabonyeza namba.

“Uyoga wa Hatakeda,” sauti ilisema. Alikuwa yeye, akijibu kwa jina la biashara ya kwao.

“Isao, ni mimi Ryohei.”

Nyuma yake nilisikia masanduku yakiburutwa.

“Leo kutanyesha?” aliuliza.

“Hapana. Isao, nilikosea. Nilitaka watu wacheke, na wewe ndiye uliyelipa. Nisamehe.”

“Ulisoma vizuri,” alisema. “Hilo ndilo lililoniudhi. Hata mimi nilikaribia kucheka. Barua zako ninazo. Sikujua nijibu nini. Sasa unataka nini?”

Nikamweleza safari yote, na basi pia. Hapo akacheka, akacheka hadi akakohoa.

“Wewe bwana! Basi la shule, likizo? Hata bibi yangu anajua!”

“Basi bibi yako ndiye angepanga.”

“Njooni Alhamisi. Baba anapeleka uyoga mjini, atawachukua stesheni. Mtakaa nyuma na masanduku, na mtanuka wiki nzima.”

“Sawa kabisa.”

“Kurudi ni lini?”

“Jumamosi. Jumatatu shule inafunguliwa.”

Masanduku yaliacha kuburutwa.

“Ukurasa wa kurudi mmeandika watu wangapi?”

“Wawili.”

“Acha mstari mmoja wazi,” alisema. “Sijasema naja. Nimesema uache.”

Nikauacha. Jioni Mwalimu Kuronuma alikiangalia kijitabu, akafika kwenye ule mstari, akaniangalia mimi, akapuliza muhuri wake ili wino ukolee, akaugonga pembeni, mstari ukabaki wazi kwa jina ambalo lingeweza bado kuandikwa.