Sauti Iliyopigwa Pasi

Neno la tatu la wimbo ndilo lililoniumbua. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya jukwaa na gauni lake la bluu, watu mia tatu wamemkazia macho, na kutoka kwenye spika ikatoka sauti ambayo si yake wala ya mtu yeyote ninayemjua. Ilipanda pale ilipopaswa kutulia, ikateleza, ikajirudisha, ikateleza tena. Alikunja uso kidogo, akagusa kispika kidogo cha sikioni kinachomrudishia sauti yake, akaendelea kuimba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, mezani, kompyuta mbele yangu na kijasho chembamba kinanitoka, kwa maana katika ukumbi ule mzima ni mimi na mke wangu tu tuliojua kwamba sauti ya mama ilikuwa na fundi. Au ndivyo nilivyodhani.

Heri niyaeleze mwenyewe, maana mkiyasikia kwa wengine mtaongezewa chumvi. Mimi ni fundi wa sauti. Nilianza kwa kubeba spika, nikapanda cheo nikawa mfunga nyaya, na siku hizi nafanya kazi kwa kompyuta. Mwimbaji anaimba kwenye maikrofoni, sauti inapita kwangu kwanza, naitia mwangwi kidogo ili isikauke, naipunguza makali, halafu naiachia iende kwa watu. Yote hayo yanatendeka kabla hujapepesa jicho. Kazi ikienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Ikiharibika, kila shingo inageuka kunitafuta.

Sasa, kuna programu moja ya kunyoosha sauti. Mwimbaji akiikosa noti kidogo, akawa chini yake au juu yake, programu inaivuta mpaka mahali pake. Sisi mafundi tunaita kupiga pasi. Lakini pasi hii haina akili ya kwake. Lazima uiambie wimbo uko kwenye ufunguo gani, yaani umejengwa juu ya noti ipi, ili ijue zipi ni noti za nyumbani na zipi ni za kufukuzwa. Ukiiambia uongo, itaunyoosha uongo huo kwa bidii zote, na itakuaibisha bila kinyongo.

Mama mkwe wangu watu walimwita Chiriku kwa miaka ishirini na tano. Ukimsikia mara moja huulizi jina hilo lilitoka wapi. Kisha daktari akakuta uvimbe shingoni mwake, ukatolewa, ukapimwa, ukaonekana si wa hatari, tukamshukuru Mungu. Ila mama alipozinduka, sauti haikurudi yote. Miezi minne hakuimba hata neno. Alishinda kwenye kiti kimoja sebuleni akipanga upya vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyevivuruga, na mke wangu, mtoto wake wa pekee, kila akienda kumtazama alirudi na macho mekundu.

Siku aliyokubali kujaribu, nilipeleka vifaa vyangu sebuleni kwake. Aliimba ubeti mmoja. Alipofika mahali pa kupanda, sauti ikapasuka mara mbili. Akainuka kwenda jikoni kunywa maji. Ndipo mke wangu akaniinamia sikioni akaniambia nifanye lolote nijualo, ilimradi mama yake asirudi kukaa kwenye kile kiti. Nikaifungua programu. Mama akarudi, akavaa vispika vyake, akaimba ubeti uleule, na kilichomfikia masikioni kilikuwa kimenyooka hakina kunyanzi. Akatutazama, mimi kisha bintiye, muda mrefu kidogo. Halafu akatabasamu. Jamani, nani angemwambia ukweli baada ya pale?

Na mkwe ndiye kabisa haambiwi. Mkwe ni mtu wa kukaribishwa kiti na kuulizwa kama ameshiba. Mwanamume aliyekwenda na wazee wake kuomba binti, akajibiwa vizuri, anaanzaje kufungua kinywa kumwambia mama wa binti huyo kwamba anakosa noti? Nikafunika kombe. Kila Jumanne nikapiga pasi, na kila Jumanne mama akaondoka kwenye maikrofoni amechangamka. Akawapigia simu wenzake wa bendi ya zamani, akaweka tarehe, akakodi ukumbi wa chuo cha ualimu. Jambo moja tu lilinishangaza: jikoni, alikokuwa akiimba enzi zote huku akimenya vitunguu, hakuimba tena. Nikadhani anaitunza sauti kwa ajili ya siku yenyewe.

Kadiri siku ilivyokaribia ndivyo usingizi ulivyonipaa. Nilimwambia mke wangu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imebakiza hatua mbili. Yeye akanisihi tungoje onyesho lipite. Alikuwa na sababu. Mama alikuwa ametutamkia waziwazi, siku moja tukiwa mezani, kwamba anakwenda mara moja tu kuiuliza sauti yake mbele ya watu. Ikimkataa, hatashika tena maikrofoni mpaka anaingia kaburini. Alisema hivyo huku akikunja kitambaa pembe kwa pembe, bila kupandisha sauti, na sisi tunaomjua tulielewa kwamba limekwisha.

Siku ya onyesho tulifanya majaribio asubuhi, mambo yakawa shwari. Saa nane mchana waya mmoja ukaanza kukoroma, nikatoka mbio kwenda kutafuta mwingine. Niliporudi watu walishaanza kuketi. Nilichokuwa sijui ni kwamba, nilipokuwa huko dukani nabishana na muuzaji, mama alimwendea mpiga kinanda akamwambia ule wimbo wa kufungulia waushushe kwa sauti moja nzima, kutoka ufunguo wa E kwenda wa D. Mpiga kinanda wao wanamwita Kimya, na hakupewa jina hilo kwa mzaha. Aliitikia kwa kichwa, akawaonyesha wenzake kwa vidole, basi. Hakuona haja ya kuniambia, na simlaumu. Kwake mimi nilikuwa mtu wa mwangwi, na mwangwi haujali ufunguo. Siri yangu mwenyewe ndiyo iliyonifungia mlango. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ukatokea kwenye spika zangu.

Pasi ilikuwa inanyoosha wimbo ambao hauimbwi. Noti mbili kati ya saba ilizichukulia kama wageni, ikazisukuma nje, na mojawapo ndiyo ile wimbo unapokwenda kupumzika. Kwa hiyo kila mama alipofika nyumbani, programu ilimtoa tena barabarani. Kwenye safu ya mbele mwanamke mmoja akamgeukia mwenzake. Nikavua vispika vyangu, nikakisikiliza kinanda kwa masikio matupu, na hapo nikaelewa kila kitu mara moja.

Dawa ilikuwa mbele ya kidole changu. Kubofya mara tatu: fungua orodha, chagua D, funga. Sekunde mbili na kombe limefunikwa tena, na watu wangesema spika zilisumbua kidogo mwanzoni. Mshale wangu ulikuwa tayari juu ya orodha nilipoinua macho, nikamkuta mama mkwe wangu ananitazama. Si watu, mimi. Ukumbi mzima upo katikati yetu, naye ananitazama, bado anaimba, na mkono wake wa kushoto akauinua kidogo, kiganja kikiwa wazi, akaupitisha hewani polepole kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Ikiwa nimeuelewa vibaya mkono ule, basi mimi ndiye ningekuwa nimeizika sauti ya Chiriku mbele ya watu mia tatu, na mke wangu ameketi pale anashuhudia. Nikaizima programu. Kwa pupa nikazima vyote, hata mwangwi ambao haukuwa na kosa.

Sauti ikatoka peke yake. Ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka, ina mchanga ndani yake, sauti ya mtu aliyelia jana akalala vizuri. Mama akang'oa kile kispika cha sikioni akakiacha kining'inie. Noti ya nyumbani ilipofika akaketi juu yake, na haikuyumba. Nilishika ukingo wa meza nikingoja pale mahali pa kupanda, pale sauti ilipopasuka siku ile sebuleni. Hakupanda. Alishuka, akapita chini, kwa njia mpya ambayo mimi sikuwahi kuisikia katika majaribio yote ya Jumanne, na kinanda cha Kimya kikashuka naye hatua kwa hatua bila kubabaika. Njia ile haikubuniwa jukwaani. Ilikuwa imefanyiwa mazoezi.

Yule mwanamke wa safu ya mbele aliacha kunong'ona. Ubeti wa pili, watu wakaanza kuitikia. Wimbo ulipokwisha ukumbi ukapasuka kwa makofi na vigelegele, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikainamia kompyuta nikajifanya natafuta kitu kwenye kioo ambacho sikuwa nakiona vizuri. Aliimba nyimbo sita. Kuanzia ya pili nilimrudishia mwangwi wake tu. Sauti ilimkwaruza mara mbili tatu, na kila mara aliisubiri kidogo, ikaja.

Baadaye nilikwenda chumba cha nyuma, mahali walipokuwa wamerundika madawati, waya umezungushwa begani, macho kwenye viatu. Mke wangu alikuwa amemkumbatia mama yake. Nikaona nikisubiri nitapata kisingizio, bora nilitapike.

"Mama, nimekukosea," nilisema. "Si leo tu. Tangu siku ile sebuleni."

"Najua."

Mke wangu aligeuka mzimamzima. Akamwuliza mama yake amejua lini.

"Siku hiyohiyo. Ubeti uleule." Mama aligusa kovu lililo chini ya shingo. "Masikio yanadanganyika, wanangu. Koo halidanganyiki. Masikioni nilikuwa nasikia chiriku, na hapa nahisi mlango uliovunjika bawaba. Sasa nyie mlidhani nahitaji kuambiwa nini tena?"

Tabasamu lile nililolitunza miezi mitatu kama cheti, kumbe lilikuwa la kutuhurumia sisi. Alitueleza kwa utulivu kwamba alipomwona bintiye ameacha kulia, na mkwewe anahangaika na nyaya zake mpaka jasho linamdondoka, aliona aibu kutuharibia. Na jikoni je? Jikoni aliacha kuimba kwa sababu tungemsikia, na tungejua kwamba anajua. Basi kila Alhamisi, badala ya kwenda kwa mshonaji kama alivyotuaga, alikwenda kwa Kimya, wakatafuta pamoja mahali ambapo sauti yake ya sasa inaweza kukaa. Ndiyo maana aliushusha wimbo. Alikuwa amepanga kuimba kwa koo lake mwenyewe, pasi isipate cha kunyoosha, na sisi tusijue tofauti.

"Ila sikujua kwamba hiyo mashine nayo ina ufunguo wake," alisema. "Ningejua, ningemtuma Kimya akwambie."

"Kimya angeniambia nini, mama?"

Akaanza yeye kucheka. Kicheko chake nacho kilikuwa kimeshuka kwa sauti moja nzima. Mke wangu akafuata, na mimi nikacheka mpaka nikaketi juu ya dawati, mbavu zinauma, na waya bado uko begani. Nilijisikia mwepesi ajabu. Watu watatu tulikuwa tumebebeana mzigo mmoja miezi mitatu, kila mmoja akiogopa mwenzake asiuone, na wote tulikuwa na mabega yanayouma.

Jumanne iliyofuata tulikuwa sebuleni kwake kama kawaida. Programu ya kunyoosha nilikuwa nimeifuta kabisa kwenye kompyuta, mbele yake, kwa ombi lake. Mwangwi alisema nimwachie, maana hata bafuni upo na hakuna anayeuita udanganyifu. Akaanza wimbo mpya. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Katika wa pili, mstari wa tatu, ikamponyoka noti moja, si sana, kiasi ambacho zamani ningekinyoosha kwa kidole kimoja naye angeendelea.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kompyuta, ukakuta hakuna kitu. Mama alikuwa amesimama, ananingoja. Mke wangu, mlangoni na sinia la vikombe, naye alisimama.

"Mama," nilisema, "hapo umeshuka."

Mke wangu alifumba macho. Mama mkwe wangu alinitazama, akavua vispika vyote viwili, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu.

"Wapi hasa?" aliuliza. "Nionyeshe."