Upande wa Scola

"Sipo," Otilia alisema. "Sikiliza vizuri, Flavian. Mimi simo humo."

Flavian aliinua sindano kutoka kwenye sahani ya santuri, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Tangu asubuhi duka lake la kuweka nyimbo kwenye simu, pale Katandala, lilikuwa limefungwa nusu mlango, na wateja walikuwa wakichungulia na kuondoka. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya ya parokia, na Jumapili kwaya ilikuwa inatimiza nusu karne tangu irekodi santuri yake ya pekee. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo tu: aicheze santuri kwenye gramafoni, kompyuta iinase, kisha kila muumini aipate kwenye simu yake. Ingekuwa ndogo kweli kama sahani ingekuwa moja. Zilikuwa mbili, na bibi mmoja.

"Bibi, kwaya ilikuwa ya watu wengi," alisema kwa upole uliokuwa umebaki kidogo. "Si rahisi mtu kujitambua kwenye sauti za..."

"Nilikuwa naanzisha mimi! Sauti ya kwanza niliibeba mimi. Wewe ulikuwa umezaliwa?"

"Bado, bibi."

"Basi. Asiyekuwapo na lake halipo."

Sahani ya Otilia ilikuwa ya toleo la kwanza, yenye karatasi nyekundu katikati. Ilichezwa kwenye harusi zote za Mpui enzi hizo, ikamwagikiwa pombe ya ulezi, na kuna mtoto aliwahi kuikalia. Sasa ilikwaruza mwanzo hadi mwisho. Lakini ndani ya mikwaruzo ile sauti ya Otilia ilipanda juu ya wengine wote, nyembamba na iliyonyooka, sauti ya msichana asiyejua bado kwamba ataolewa, atazaa, atazika, na atazeeka akipepeta ulezi wa kuuza sokoni. Sahani ya pili, yenye karatasi ya kijani, ilikuwa na nyimbo zile zile, ila ilichapishwa Ulaya miaka michache baadaye. Ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana. Kwaya ilisikika vizuri, wanaume walisikika, hata kinanda kilisikika. Otilia alisikika kwa mbali mno, kama mtu anayeimba nje ya kanisa.

"Tuseme ukweli, bibi," Flavian alisema. "Yako inakaanga. Watu watadhani tumerekodi kwa mama ntilie, vitumbua vikiwa jikoni."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mwenye masikio atasikia."

"Vijana hawatasikiliza dakika moja. Wataifuta."

"Na hiyo safi yako? Wakisikiliza wajukuu zangu, wakiniuliza, 'Bibi, wewe uko wapi?' niwajibu nini? Kwamba siku ile niliumwa?"

Flavian alikuna kidevu, akaangalia simu yake.

Jambo lile lilimuuma Otilia kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kwenye jalada la santuri kulikuwa na jina la padri aliyewarekodi, jina la kwaya, na jina la mtu aliyepiga picha ya kanisa. Hata kanisa lilikuwa na jina. La kwake halikuwapo. Alichokuwa nacho duniani kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mtu wa kusimama mbele ni sauti ile, na sasa kijana mwenye kompyuta alitaka kumfuta kwa sababu ya usafi. Angekuwa mtu wa kulia, angelia. Badala yake alivuta sweta lake kifuani, maana upepo wa Julai ulikuwa unapenya chini ya mlango, akanuna.

Mwenye sahani safi alikuwa amekaa kimya juu ya kreti la soda karibu na ukuta. Jina lake Luciana, mkulima wa Mwimbi, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Baba yake alipofariki mwaka jana, walifungua sanduku lake wakaikuta sahani imezungushiwa kitenge cha marehemu mama yake. Mama huyo ni Scola, aliyeimba kwaya moja na Otilia na kufa Luciana akiwa bado ananyonya. Mzee hakuwahi kuicheza sahani ile. Na hakuwahi kumwambia binti yake ni ipi sauti ya mama yake.

"Mama," Luciana alimwita Otilia, "na mama yangu je? Yeye anasikika wapi?"

"Luciana, nimekwambia mara ngapi? Scola alikuwa sauti ya pili. Alisimama ng'ambo, upande wa pili wa kwaya, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hasikiki. Hata mimi mwenyewe simsikii."

"Sawa, mama."

Alisema "sawa" yake ile ile ya miaka yote, bila kinyongo, na hilo ndilo lililomkera Otilia zaidi. Mtu akikasirika unajua pa kumshikia. Huyu alikuwa amesafiri kutoka Mwimbi na sahani mapajani, kwenye barabara ile ya vumbi, na hakuwa amesema hata mara moja kwamba ya kwake ndiyo iwekwe.

Umeme ukakatika. Flavian akatukana kimoyomoyo, ungeweza kuyaona matusi usoni. Wakakaa nusu gizani wakisikiliza bodaboda zikipita. Umeme uliporudi, kompyuta ilichukua muda wake kuamka, na kijana wa watu uvumilivu ukamwishia.

"Basi, bibi, umeshinda," alisema. "Tunaweka yako. Ikaange tu."

Otilia alitegemea kufurahi. Hakufurahi, ushindi wa kuonewa huruma hauna ladha. Alitaka wakubali kwamba amedhulumiwa.

"Kwanza icheze hiyo ya kijani mara moja tena," alisema. "Wimbo ule wa matoleo. Nikuonyeshe mahali hasa waliponitoa, usije ukasema bibi kazeeka."

Flavian akashusha sindano.

Safari hii Otilia hakujitafuta. Alishajua hayupo, na hasira ilikuwa imemchosha. Aliinamisha kichwa akasikiliza kama anavyosikiliza ungo. Ukipepeta ulezi miaka mingi, macho hayakusaidii tena, maana mchanga na ulezi vinafanana. Unatikisa na kusikiliza, na mchanga hulia tofauti. Alisikiliza hivyo hivyo, bila kutaka kitu. Wanaume wakapita. Kinanda kikapita. Kisha, pale kwenye neno "tumepokea", mwanamke mmoja wa sauti ya pili akavuta pumzi katikati ya neno.

Otilia alikaa wima.

Kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Mwalimu wao alikuwa akimpiga vijembe kila zoezi: "Scola, neno si muwa, usilikate katikati!" Kwaya nzima ilicheka, Otilia kwa sauti kuliko wote. Na sasa pumzi ile ilikuwa hapa, dukani, na nyuma yake ikafuata sauti ambayo haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa nzito, ya joto, imetulia chini ya wimbo, na wengine wote wa sauti ya pili walikuwa wameiegemea. Otilia aliisikia ubeti mzima. Kwa nusu karne alikuwa amesikiliza sahani ambayo yeye yuko juu ya kila mtu, hadi akamkumbuka rafiki yake vibaya, na kile alichokikumbuka vibaya ndicho alichomlisha mtoto wa watu kila alipouliza.

Alifungua mdomo kusema. Flavian akamtangulia.

"Bibi! Ngoja, ngoja!" Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, kichwa hakionekani. "Wakati ule mlirekodi kwa maikrofoni ngapi?"

"Mbili," Otilia alisema bila kufikiri. "Moja kwetu, moja ng'ambo kwa kina Scola."

"Mungu wangu. Tumekuonea bure! Spika moja haisemi kabisa, waya wake umechomoka. Sahani yako ya zamani imechanganya sauti zote pamoja, kwa hiyo spika moja inatosha kuzitoa. Hii ya kijani imegawa: maikrofoni yenu spika hii, ya wenzenu spika ile. Siku nzima tumesikiliza upande mmoja. Wewe umo, bibi, umo kama ulivyo, na bila mkwaruzo! Sikia sasa."

Akaunga waya.

Otilia akaingia dukani. Msichana yule, mwenye sauti ya kunyooka, alijaa kuanzia sakafuni hadi kwenye bati, safi, bila punje ya mkwaruzo, kama ambavyo hakuwahi kujisikia tangu siku ile kanisani. Mteja aliyekuwa mlangoni alisema, "Duh, huyu dada ni noma!" Flavian alikuwa anacheka kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. Kila mtu amepata chake: sahani safi, na bibi yumo.

Ikafika "tumepokea". Otilia alikaza sikio hadi shingo ikamuuma. Pumzi haikusikika. Chini ya sauti yake mwenyewe hakukuwa na mtu; au alikuwapo, kama alivyokuwapo siku zote, na hakuna ambaye angejua. Aliona aibu. Alijisikia kama mtu anayezungumza mwenzake akizungumza, tena kwa nguvu, tena miaka hamsini.

"Chomoa," alisema.

"Bibi?"

"Huo waya. Chomoa."

"Lakini si ndicho ulichokitaka tangu asubuhi? Nimefunga duka..."

"Flavian, nakuomba. Chomoa."

Alichomoa. Msichana yule akaondoka, akabaki kwa mbali nje ya kanisa. Flavian alirudisha sindano mwanzoni mwa wimbo bila kuambiwa, akasimama mikono kiunoni, amekata tamaa na wazee wote wa dunia hii.

"Na Jumapili?" aliuliza. "Watu nawapa ipi?"

"Jumapili haijafika. Nyamaza kwanza."

Otilia alisogeza stuli yake hadi kwenye kreti la soda. Alimshika Luciana mkono juu kidogo ya kiganja, akaushikilia. Wanaume wakapita. Kinanda kikapita.

"Bado," alimwambia. "Bado kidogo. Sasa utasikia mtu anavuta pumzi mahali pasipostahili."

Luciana hakuuliza ni nani. Alikuwa ameacha kupepesa macho.

Pumzi ikaja.

"Huyo," Otilia alisema. "Mshike huyo, usimwachie. Na nilikudanganya, mwanangu. Haikuwa ndogo."

Luciana hakulia. Alifungua mdomo na kujaribu kuifuata ile sauti, polepole, bila maneno, akiingia kila mara akiwa amechelewa kidogo, akipotea inaposhuka asipotegemea, akiikuta tena. Mlangoni mteja aliuliza kama duka limefungwa.