Mshale Ulisoma Rweya

Mgomba ni maji yaliyosimama wima. Hayo ni maneno ya Mwalimu Mushumbusi, na aliyasema kila tuliposhusha mitambo kwenye Land Rover, kana kwamba mimi niliyesomea redio Dar es Salaam nilikuwa nimekuja kumuuzia maandazi. Maji hunywa mawimbi. Ukirusha mawimbi kutoka kilimani Kibeta, yatapita vizuri juu ya rweya, ile ardhi ya nyasi tupu isiyo ya mtu, lakini yakiingia kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba ya mtu, yatanywewa na migomba na mibuni mpaka yabaki kidogo. Mashine yetu ya kupimia ilikuwa na mshale. Ukilala kushoto, mawimbi ni hafifu, tuliita kibanja. Ukienda kulia, mawimbi yana nguvu, tuliita rweya. Mwalimu aliandika K au R kwenye ramani kwa penseli, tukasonga mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maana, wala siifanyii mzaha. Mwaka ule wa 1988 zahanati za Muleba, hasa zile za visiwani kwa wavuvi, hazikuwa na njia ya kuita Bukoba mgonjwa akizidiwa. Alipakiwa mtumbwini na huku hospitali hakuna aliyejua kama yuko njiani. Sisi tulitumwa kupima mawimbi yanavyosafiri, ili tubuni antena na minara ya redio za kuwaitia msaada. Mwalimu alikuwa ameipima njia hiyohiyo mara tu baada ya vita vya mpakani, kwa sababu vitani alibeba redio ya kikosi mgongoni.

"Tulijifunza kwa taabu," aliniambia. "Ukitaka kusikika, toka migombani. Ukitaka kujificha, ingia."

Mimi si mtu wa mizimu, na sipendi watu wanaosikia bundi akilia wakaanza kuhesabu ndugu zao. Kifaa kikisema uongo kina sababu: betri, waya, kutu, au mjinga aliyekishika. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyokuwa nikiamini tulipofika Ijuganyondo wakati wa masika, kwa mzee Ndyamukama.

Kibanja chake kilikuwa kimeshonana hata nyumba huioni mpaka uikaribie. Nyasi zimetandikwa vizuri chini, mikungu imeegemezwa kwa miti, mibuni inang'aa. Nikasimamisha antena na kuwasha. Mshale ukaenda kulia mpaka mwisho.

"Sogea," Mwalimu alisema. "Mwili nao unaingia kwenye kipimo. Ukiikaribia antena hivyo, unapima antena pamoja na wewe."

Nikasogea, ukabaki palepale. Nikabadili betri, nikabadili waya, nikafuta kila kiungio kwa kitambaa. Tukahamia kwa jirani yake, mshale ukalala kushoto kama inavyotakiwa. Tukarudi kwa mzee, rweya. Yeye alikuwa ameketi mlangoni akitucheka. Akatupa kahawa ya kutafuna, akauliza kama mashine yetu inaweza kuona ndizi za pombe ya rubisi alizozifukia ziive, maana vijana wa jirani walikuwa wameanza kuzinyemelea. Mwalimu akaandika R, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

Tulipopita tena kiangazi, mlango ulikuwa umezuiwa kwa gogo. Mzee hayupo, mkewe hayupo, na kijana wao wa pekee aliyerudi kutoka Kampala akiwa mgonjwa naye amezikwa palepale pamoja nao, chini ya migomba. Mikungu ilikuwa imeanguka, hakuna aliyeiokota. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni nani atakishika kile kibanja.

"Pale?" alisema bila kusimama. "Pale pameshakuwa rweya, waitu."

Ndivyo tunavyosema kwetu nyumba ikiisha na kukosa wa kushika jembe. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni kwenye misiba. Lakini yule mama hakujua kwamba sisi tulikuwa tumeliandika tayari, wakati mzee bado anatucheka. Nilimtazama Mwalimu, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Ilitokea tena karibu na Muleba mjini, kwa bibi na bwana waliokuwa bado vijana. Mke alikuwa akisuka mkeka, migomba imemzunguka kama ukuta, na mshale ukasoma rweya. Kabla ya mvua za vuli nyumba ile nayo ilikuwa imefungwa. Baada ya hapo Mwalimu hakusema tena kwamba mgomba ni maji, nami nikaanza kuichukia ile mashine. Kila kipimo nilikifanya nimefumba jicho moja, na mshale ukilala kushoto nilipumua.

Kituo cha mwisho kilikuwa Kamachumu, kwenye kibanja cha marehemu baba yetu. Mwalimu alikichagua alipopima mara ya kwanza, baada ya vita, kwa sababu kiko juu, kwenye njia ya mawimbi ya kwenda ziwani. Sasa aliishi hapo mdogo wangu Joviana na binti yake Kokuberwa. Mume wa Joviana, Kashaija, alikuwa mfanyabiashara wa magendo ya Mutukula, na alikufa kwa ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyopitishwa mpakani. Shemeji zake walipomchoka, Joviana akarudi kwetu na mtoto mgongoni. Mimi nami nilikuwa mjane. Mume wangu, Ildefons, alifariki Dar es Salaam, wakaandika kifua kikuu, na sikuuliza zaidi, kwa sababu kifua kikuu ni ugonjwa wa heshima. Nilirudi Bukoba mzima, nimenenepa hata, na watu wakanisifu.

Joviana ndiye niliyemhofia. Alikuwa amebaki yeye tu na mtoto wake katika damu yangu yote. Tulipokuwa tunapanda mlima nikamwomba Mwalimu tusipime.

"Andika K, twende zetu. Ndivyo ilivyokuwa zamani."

"Nikitunga hapa, na kule visiwani nitatunga?" aliuliza kwa ukali. Kisha akapunguza sauti. "Bernadina, nami sitaki. Lakini mtu atakayepiga redio akiwa na mgonjwa mtumbwini atataka kujibiwa."

Tukafika. Joviana alitupokea na kisu mkononi, alikuwa anamenya ebitoke, ndizi za kupika. Alikuwa amekonda, ingawa mwaka ule nani hakukonda. Kokuberwa akaja kunishika sketi, "Mama mkubwa, hiyo inaimba?" Nikamwambia haiimbi, inasikiliza. Kibanja cha baba kilikuwa kizuri kuliko nilivyokikumbuka; Joviana alikuwa amekipigania kwa mikono yake. Nikasimamisha antena, nikawasha.

Mshale ukaenda kulia.

 Nikamtazama mdogo wangu na kisu chake, nikamtazama mtoto.

"Imesema nini?" Joviana aliuliza.

"Bado inapata moto. Hebu nendeni dukani mkaninunulie mafuta ya taa."

"Mchana huu?"

"Nenda tu, mdogo wangu."

Wakaenda wameshikana mikono. Nilitaka kujua kama ni yeye au ni mtoto au ni wote, na sikujua ningefanya nini nikishajua. Walipopotea kwenye kona nikaugeukia mshale. Ulikuwa palepale, kulia. Hawapo, na bado kibanja kinasoma rweya. Nikadhani nimepata nafuu, kwamba ni waya, ni kutu, ni ujinga wangu. Nikaanza kufungua viungio.

"Acha," Mwalimu alisema. "Toka."

"Nitoke wapi?"

"Toka kwenye kibanja. Mwili wako umo kwenye kipimo."

Nilikasirika. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mpaka yamenichosha, na antena nilikuwa mbali nayo. Lakini hakuwa anaitazama antena, alikuwa ananitazama mimi. Nikapanda mpaka barabarani, zinakoanzia nyasi, nikageuka. Aliinama juu ya mashine kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono na kuupeleka kushoto.

Joviana na Kokuberwa walirudi, wakanipita na chupa ya mafuta, wakashuka nyumbani. Nikaita, "Mwalimu, na sasa?"

"Kibanja," akajibu. "Hata wakisimama hapa ubavuni mwangu. Kibanja kabisa."

Nilifurahi. Nataka niliseme hilo bila aibu: furaha ilinijaa mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu mdogo wangu angebaki na mwanawe angekua na jembe lisingekosa mkono. Nikashuka mbio kwenda kwao. Mguu wangu ulikuwa bado haujakanyaga vizuri kivuli cha mgomba wa kwanza nilipomsikia Mwalimu.

"Bernadina," alisema polepole, macho kwenye mshale. "Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi kwenye nyasi, naye akaonyesha kushoto tena. Hapo ndipo Ildefons aliponijia, si mzuka wala sauti, ni kumbukumbu tu ya shuka zake nilizokuwa nikizifua, na madaktari waliokuwa wakizungumza Kiingereza cha chinichini wakidhani mke wa mtu hakielewi. Nilikielewa, na haikuwa kifua kikuu walichokitaja. Upepo wa ziwani ulipita kwenye nyasi, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Joviana alitoka nje akijifuta mikono kwenye kitenge. "Haya, imeshapata moto? Imesema nini?"

"Inasema kibanja," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

"Sasa mbona umesimama barabarani kama mgeni? Hapa si kwenu? Njoo ule, dada, ebitoke vimeiva."

Nikabaki kwenye nyasi. Mwalimu Mushumbusi akaandika K kwenye ramani, bila alama ya kuuliza. Kisha yeye ambaye hakuwahi kufunga kituo bila kurudia kipimo, ambaye alinigombeza siku nzima kwa kuzima mapema kule Nshambya, akaizima mashine, akachomoa waya za betri moja baada ya nyingine, akaufunika mshale kwa kofia yake.

"Shuka," akaniambia. "Imezimwa."

Nikashuka nyumbani.