Siku Papa Athanase Alipokana Ng'ombe Wake

Miaka ile ya vita, ng'ombe wa Masisi walijua kunong'ona. Musicheke. Ukipita njia ya Nyabiondo mchana, ungeapa kwamba mlimani hakuna hata ndama, kumbe nyuma ya mianzi kundi zima limesimama, linacheua polepole, na dume mkubwa anawakonyeza wadogo wanyamaze. Wenye bunduki wakipita, kimya. Watu wa misaada wakipita, kimya vilevile, maana tulikuwa tumeshajifunza: mgeni wa bunduki huchukua anachokiona, mgeni wa misaada huleta asichokiona.

Basi tukawa madaktari wa kukosa. Mimi mwenyewe niliulizwa siku moja na mwandishi wa orodha ya misaada ninakosa nini, nikataja vitu mpaka yule mwandishi koo likamkauka, akaniomba maji. Nikamwambia hata hayo hatuna.

Siku moja njo akafika Colette, binti wa Ubelgiji. Kwao alikuwa amesomea namna ya kufanya kazi na watu wa nchi nyingine bila kuwaamuru, na kijiji chetu ndicho kilikuwa mahali pake pa kujifunzia kwa vitendo. Alishuka kwenye pikipiki mikono mitupu. Hakuna shitingi ya kuezekea, hakuna sabuni. Akatukusanya kanisani, akasema hakuja kuuliza tunakosa nini. Kila mmoja aseme ana nini na anajua kufanya nini, halafu tuone pamoja kitu gani kinaweza kujengwa.

Tukatazamana. Tulidhani ni mtego.

Wa kwanza kusimama alikuwa jirani yangu, Papa Athanase, mwenye kundi kubwa kuliko wote, na suruali moja yenye matundu aliyoitunza kwa ajili ya mikutano tu. Akaapa hana kitu. Ng'ombe? Hata kuku hana. Hata panya wamehama nyumbani kwake kwa njaa. Akajipangusa macho. Alifanya vizuri sana, kidogo nimchangie.

Shida ni kwamba benchi la nyuma alikuwa amekaa Mama Verdiane, mjane wa Ntoto, kule Walikale. Yves, mtoto wa Athanase, alikuwa amemposa Kétsia, binti wa mama huyo, na mama mwenyewe amefika asubuhi ile kupatana mahari. Athanase hakujua kama amefika.

Mama Verdiane akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Papa Athanase, pole sana," alisema. "Miye nilikuja tuongee mambo ya mahari. Sasa naona afazali mutoto wangu abaki kwetu. Kwako atakula nini, na panya wamekimbia?"

Watu wakauma midomo. Yves akamtazama baba yake kwa macho ya ndama aliyeachishwa ziwa mapema. Athanase naye akautazama msalaba, akatutazama sisi, akakohoa.

"Mama, sikuwa nimemaliza kusema. Niko na ng'ombe kidogo, nyuma ya mianzi."

"Kidogo njo ngapi? Mbili?"

Hapo ndipo alipomshika. Mfugaji wa Masisi utamtukana baba yake akuvumilie, lakini kundi lake usiliguse.

"Mbili?" Athanase alisema. "Mama, siku wakitoka wote, ule mulima hautaonekana."

Basi kizibo kikafunguka. Nani angekubali kubaki maskini peke yake? Mama Wivine akataja jibini zilizofichwa chini ya maharage. Bienvenu akakiri ana mbao uvunguni, amezilalia tangu vita vianze. Mimi nikasema najua kujenga daraja, jambo ambalo nusu yake ilikuwa kweli. Colette akaandika ubaoni mpaka chaki ikamwishia, kisha akauliza tufanye nini na mali yote hii.

"Daraja la njia ya Ntoto," alijibu Mama Verdiane. "Lilivunjika. Leo nimevuka maji hapa kifuani. Ng'ombe zangu hazitavuka vile."

"Zako?" Athanase aliuliza.

"Si umesema mulima umejaa?"

Tukafanya salongo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, kijiji kizima, na hakuna aliyebeba magogo kama Yves. Colette alichanganya udongo pamoja nasi, akapata malengelenge, akayaonyesha kama medali. Mpaka daraja linaisha, Mama Verdiane alikuwa bado anajadiliana na Athanase, na kila asubuhi mahari ilipanda, ng'ombe wa mlimani wakazidi kupungua.

Siku ya kuvuka, Kétsia alifika na matarumbeta ng'ambo ya pili. Lakini daraja lilikuwa jembamba, ikabidi bibi arusi angoje ng'ombe wa mahari wapite kwanza. Mama yake aliwahesabu kwa sauti. Athanase alikuwa akiangalia mawingu.