Upande wa Kijana

Mama Adrienne hakumchukia Doudou, tuelewane. Alichokataa ni ndoa. Kijana aliimba besi kwenye kwaya, mpole, mchapakazi wa kushusha mizigo bandarini. Lakini aliingia Kalemie peke yake, akaishi kwanza Katanika, kambi ya waliokimbia vita, baada ya vita kummalizia watu wake huko Nyunzu.

"Muntu asiye na ndugu," Adrienne alimwambia binti yake Gracieuse, "siku akikupiga, nitaenda kumushitaki kwa nani?"

Na kanisa lao lilikuwa na desturi yake. Ndoa ikitangazwa, wazee wa kila upande husimama mbele ya waamini na kusema, "Huyu ni wetu." Ukishasema umejifunga, na makosa yake yote ni yako. Upande mmoja usiposimama, ndoa inasogezwa mpaka wapatikane watu. Kwa hiyo Adrienne hakugombana na mtu. Alinyamaza zake akingoja Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli, siku ya kutangazwa.

Siku ikafika. Nguzo zimefungwa matawi ya michikichi, kwaya imeimba kuzaliwa kwa Bwana mpaka wamama wakapiga vigelegele. Pasta Edmond akatangaza: Doudou na Gracieuse, siku ya pili ya Noeli.

"Ndugu za kijana wasimame."

Hakusimama mtu. Mtu akakohoa. Doudou, pale mbele, akageuka kutazama mlangoni. Alijua hakuna anayekuja, wengine amewazika kwa mikono yake, lakini akatazama tu. Pasta akarudia mara ya pili, na yeye bado anatazama.

Loo! Adrienne alidhani atafurahi. Badala yake huruma na aibu vikampanda pamoja. Sasa hivi tu alikuwa akiimba, mdomo wazi, jinsi Bwana alivyokosa mahali pa kulala, watu wamemfungia milango. Akainuka.

Mumewe, Papa Salomon, akamvuta kitenge. "Kaa! Wameita upande wa kijana."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Ukisimama huko, kwetu husimami tena! Mahari utakula wapi?"

"Kula wewe."

Akaenda mbele mbiombio, maneno yakamtoka hata hajayapanga. "Huyu ni wetu. Ni mutoto wangu. Akimukosea muke wake, mumushitaki kwangu."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Gracieuse akajifunika uso kwa leso. Upande wa binti ulipoitwa, Salomon akasimama peke yake, ananung'unika.

Doudou alikuwa akilia waziwazi, hajui mikono aiweke wapi.

"Mama," akasema.

Adrienne akamkagua juu mpaka chini.

"Chomeka shati," akamwambia. "Watu wanatuangalia."