Wali wa Dengu wa Alhamisi

Sasson alikuwa amekalia kiti cha Baba, na Violet aliliona hilo kabla hata hajaiona bahasha mkononi mwake.

"Inuka hapo."

"Dada, Baba mwenyewe kalala chumbani."

"Hata angekuwa Eilat, mwisho wa nchi. Inuka."

Sasson akahamia kwenye stuli huku akinung'unika. Ana miaka hamsini na minne, ana duka la miwani na wajukuu wawili, lakini mbele ya dada yake mkubwa huwa anarudi darasa la pili. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu za makao ya wazee. Alitaka Violet atie saini jioni ile ile, kwa sababu Baba, kwa maneno yake, akili imeanza kumtoka.

"Ana miaka themanini na minane," Violet alisema akikoroga chungu. "Au ulitaka akumbuke sauti yako kwenye simu? Hupigi."

Jikoni kulinukia wali uliopikwa pamoja na dengu nyekundu, bizari nyembamba na kitunguu saumu. Kwa Wayahudi waliotoka Baghdad, chakula cha Alhamisi jioni hakina mjadala: wali wa dengu na mtindi, tumbo lipumzike kabla ya kuku na nyama za Sabato.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mzee Heskel akatoka na shati jeupe, kofia, na suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe enzi za ufundi cherehani. Wote wawili wakasimama, maana ndivyo walivyolelewa. Zile zilikuwa nguo za Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Sabato njema, wanangu!" akasema, uso umechangamka. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha fedha, akamimina divai mpaka pomoni.

Sasson akamtupia dada yake jicho la si-nilikwambia, kisha akafungua kinywa. "Baba, leo ni..."

Violet alimkanyaga mguu, tena hakumkanyaga kwa huruma.

Muda haukuwepo. Baba akishaanza baraka za Sabato siku isiyo yake, atakuwa amelitaja Jina la Mungu bure, jambo aliloliogopa maisha yake yote kuliko moto. Na ukimwambia amekosea, umemvunjia heshima mezani kwake mwenyewe. Yeye ndiye aliyewafundisha tangu wakiwa wadogo kwamba mzazi akikosea hasahihishwi. Anaulizwa, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake.

Mzee akainua kikombe.

"Baba," Violet akasema, "kabla hujaanza, nifundishe kitu. Kule Baghdad, bibi alikuwa akipika wali wa dengu siku gani?"

"Alhamisi," mzee akajibu papo hapo. "Kila Alhamisi ya Mungu. Hata mwaka ule wa mafuriko, alipika..."

Akanusa. Akatazama chungu, akatazama meza isiyo na mishumaa wala kitambaa cheupe. Kikombe kikashuka polepole.

Violet alitamani kumkumbatia, ila hakuthubutu.

"Suti bado inanikaa," mzee akasema mwishowe, akijinyoosha ukosi. "Nilitaka kuhakikisha."

"Imekukaa vizuri sana, Baba."

"Mama yangu naye alifika umri akawa anapotewa na siku," akasema taratibu. "Nikawa namuuliza hivi hivi. Miaka yote nilidhani hakujua kwa nini namuuliza." Akamgusa Violet shavuni. "Asante, binti yangu."

Sasson alikuwa ameinamisha kichwa. Aliikunja bahasha mara mbili, akaisokomeza mfukoni, kisha akavuta kile kiti na kumkalisha baba yake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na wala hakujaribu kuyaficha.

"Baba, na mimi nina swali," akasema. "Kesho Sabato inaingia saa ngapi? Nataka kuja na watoto, lakini hizi saa huwa zinanichanganya."

Mzee Heskel akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto wake mzito wa kichwa akijitahidi.

"Usijali, mwanangu," akasema, akimpigapiga mkono. "Nitakukumbusha."